Kisanduku Chenye Kufuli

Jumamosi ile tulikalia ndoo za rangi zilizopinduliwa,
mafundi kumi na saba na mimi muuza chapati,
karakana ya Kariobangi imezimwa,
vumbi la chuma bado linaelea, halijaambiwa.
Mkufunzi, Bi Kagwiria, alifungua begi refu
akatoa humo mtu asiye na miguu.
Tukacheka. Oluoch akauliza ajali ilitokea wapi.
"Huyu amekufa," akasema Kagwiria. "Nani atamrudisha?"

Nikapiga magoti.
Viganja viwili, kimoja juu ya kingine,
katikati ya kifua, viwiko vimenyooka.
"Sukuma! Usimwonee haya. Ubavu ukivunjika utaungwa,
moyo uliosimama haungoji adabu."
Nikahesabu ninavyohesabu madeni:
moja ya Kiprotich, mbili za Oluoch, tatu za Oluoch,
hadi thelathini, jasho likidondokea plastiki.
Sijawahi kudai kwa nguvu namna ile.

Kisha akatufundisha kusahau.
Dawa ya meno ni ya meno.
Aliyeungua apewe maji ya mfereji, dakika ishirini,
si unga, si yai, si siagi.
Na mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni;
mlaze ubavu, mwondolee mawe, mngoje.

Hapo niliangalia viatu vyangu.
Mimi ndiye niliyeleta kijiko, mwaka ule, Jericho.
Momanyi alipozinduka
meno yake mawili yalikuwa kiganjani mwangu
naye akaniambia asante, dada.
Mpaka leo akicheka huziba mdomo.

Ukutani kilining'inia kisanduku cheupe
chenye msalaba wa kijani na kufuli la shaba.
"Kifungueni," akasema Kagwiria.
Ufunguo anao bosi.
Bosi anakaa Rongai.

Jumatano, saa nne na robo,
diski ya grainda ilipasuka
ikapita kwenye mkono wa Kiprotich kama isiyo na habari.
Watu wakakimbilia kisanduku,
wakakitikisa, kikalia njuga.
Mimi nilishika kitambaa cha kufunikia chapati,
nilikichemsha Jumapili, kilinukia unga,
nikakikandamiza kwenye jeraha kwa uzito wangu wote.
Usichungulie, nilimsikia Kagwiria kichwani,
damu ni mtoto anayetafuta usingizi,
ukimfunua kila mara ataanza upya.
Kitambaa kikalowa. Nikaongeza aproni juu yake.
Mkono wake nikauinua, nikauegemeza begani pangu.

Macho yake yalianza kwenda mbali.
"Kiprotich, una deni la chapati sita."
Kimya.
"Sita, na chai."
"Nne," akanong'ona.
Nikajua bado yuko.

Pikapu ya vyuma vikuukuu ikampeleka hospitali,
nyuzi kumi na moja, kano moja.
Nasi tuliobaki tukakitwanga kisanduku kwa nyundo.
Mlikuwa na stakabadhi za miaka tisa nyuma,
karata zisizo na shupaza,
misumari ya inchi mbili,
na plasta moja iliyojibandika yenyewe,
kana kwamba nayo ilijeruhiwa
ikakosa wa kuiita.

Sasa juu ya rafu yangu, kando ya pakiti za unga,
pana mkebe wa biskuti.
Glavu, shashi, bendeji tano, mkasi,
karatasi yenye namba za kupiga, kwa herufi kubwa
ili asome hata anayetetemeka.
Tulichanga shilingi hamsini hamsini.
Oluoch alichanga mia, hakusema kwa nini.
Hauna kufuli. Bosi akaja, akauliza:
na wakiiba?
Nikageuza chapati iliyokuwa inaanza kuungua.
Anayeiba bendeji, nikamwambia,
mwangalie kwanza mkono.

Kiprotich alirudi baada ya wiki saba,
akaketi kwenye benchi, akahesabu sarafu
kwa mkono wa kushoto, polepole.
Alilipa tano.